Tumba la Sita la Mbigili

Jumamosi hiyo Fundi aliamka na nia ya kuua.

Ukimtazama usingemdhania. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na tatu, sauti ya chini, vidole vyembamba vya mtu wa kazi ndogondogo. Kazi yake ilikuwa meno ya bandia. Daktari wa mjini alimletea vipimo vya vinywa vya watu, naye akajifungia kwenye chumba cha nyuma, akachonga nta, akamimina plasta, na baada ya siku nne mtu aliyekuwa akicheka kwa kuziba mdomo na kiganja akaanza kucheka kama amelipwa. Mtaa mzima ulimwita Fundi. Hata mama yake alimwita hivyo, siku ambazo hakuwa amekasirika.

Saa tatu kasoro asubuhi alitoka nyuma ya nyumba na kisu chake cha kuchongea nta, akasimama mbele ya mbigili.

Mbigili ulikuwa umemfika kifuani. Majani yake yalikuwa na miiba pembeni, miiba juu, miiba chini, na shina nalo halikutaka kubaki nyuma, likaota ya kwake. Ulikuwa mmea wa kukuchoma hata ukiutazama kwa nia njema. Lakini kileleni, katikati ya fujo yote hiyo, lilikaa tumba moja kubwa kama ncha ya kidole gumba, limefumba kama ngumi ya mtoto mchanga, na kwenye mdomo wake kulikuwa kumeanza kuchungulia rangi ya zambarau. Kesho, au kesho kutwa, lingefunguka.

Lilikuwa tumba la sita. Matano ya kwanza Fundi alikuwa ameyakata mwenyewe.

"Nisamehe," aliuambia mmea. "Nipe wiki mbili nyingine tu."

Mambo yalianzia mbali. Mbigili wa aina hii, mmea wa asili ya hapohapo kwao, ulikuwa ukiota kwenye kilima kimoja tu nje ya mji, na kilima chenyewe kikageuzwa machimbo ya kokoto. Watu wa kituo cha mimea wakawahi kuokota mbegu kichupa kimoja, wakatangaza kwamba wanatafuta nyumba za kuulea: bustani kavu, yenye mawe na chokaa, isiyomwagiwa maji kila siku na watu wenye huruma. Nyuma ya nyumba ya Fundi ndiko alikokuwa akitupa plasta iliyovunjika, miaka kumi mfululizo. Walipopima udongo walitaka kupiga vigelegele. Ukichimba kidogo unakutana na taya. Ukichimba zaidi, magego. Na mbigili ukapandwa hapo, juu ya makaburi ya meno, ukashika kama umezaliwa hapo.

Pamoja na mbigili akaja Mkaguzi.

Alikuja kila baada ya wiki mbili, Jumamosi, saa nne kamili. Mwanaume mrefu, mwenye mikwaruzo ya miiba isiyokwisha kwenye viganja, na kitabia cha kuuomba mmea ruhusa kabla ya kuugusa. "Samahani kidogo," aliuambia, halafu ndipo akainua jani. Mwaka wa kwanza mbigili ulikuwa majani tu, yamelala chini kama sahani. Hapakuwa na la kukagua. Unapima jani, unaandika, unakwenda zako, dakika tano. Yeye alikaa saa nzima. Alimuuliza Fundi kuhusu meno. Fundi akamuuliza kuhusu mbegu. Siku moja Fundi alicheka hadi akakaa chini, na alipoinua macho alimkuta Mkaguzi anamtazama vile mtu anavyotazama mvua aliyoisubiri. Akageuka haraka, akapima jani alilokwisha kulipima.

Tangu siku hiyo, wiki za Fundi zikawa na siku mbili tu: Jumamosi, na zile nyingine.

Ila kulikuwa na neno moja. "Ukichanua, unatoa mbegu, halafu unakufa," Mkaguzi alimweleza. "Huu huchanua mara moja katika maisha yake. Tukishachukua mbegu, faili linafungwa."

"Halafu?"

"Halafu kituo kinamwandikia mlezi barua ya shukrani."

Fundi hakuwahi kuogopa kitu kama alivyoiogopa barua hiyo. Tumba la kwanza lilipotokea, wiki kumi zilizopita, alilitazama siku tatu. Jumamosi asubuhi akalikata. Mmea ukatoa lingine, naye akalikata tena. Ndivyo ilivyokuwa hadi leo.

Alikuwa ameshaweka kisu chini ya tumba la sita aliposikia sauti mlangoni pa jikoni.

"Safi! Kata na shina lenyewe, mwanangu. Kata, choma, na majivu tupa mbali!"

Mama yake alikuwa amesimama na birika mkononi. Alikuwa mwanamke mfupi, mjane wa muda mrefu, na alikuwa na ugomvi na mbigili huo kwa sababu mbili. Ya kwanza, ulikuwa umechana kanga zake mbili. Ya pili ndiyo ilikuwa kubwa.

"Leo si ndiyo siku ya yule Bwana Magugu wako?"

"Mama, sio wangu."

"Sio wako na umejipaka mafuta hadi kwenye visigino! Haya. Nimechemsha chai, lakini simpi. Nimempa mwaka mzima na nusu, anaikataa. 'Asante mama, nimeshiba.' Maji? 'Asante mama, sina kiu.' Jua limemkausha kama kisamaki, hana kiu! Mtu asiyetia kitu mdomoni kwangu ananidharau, au anadhani nitamroga. Sasa mwangalie mwenye duka la vipuri. Anakuja kila Jumapili, anakunywa vikombe vitatu, anauliza kama birika lina kingine."

"Mwenye vipuri anakuja kunywa chai."

"Na wewe unataka anywe nini, petroli?"

Papo hapo lango la pembeni likasukumwa. "Hodi wenyewe." Saa tatu na dakika kumi. Hajawahi kuwahi hata siku moja, leo kawahi karibu saa nzima. Fundi alitumbukiza kisu kwenye mfuko wa aproni, akarudi nyuma haraka, jani likamchana mkono kwa ukumbusho.

"Karibu, Mkaguzi."

"Asante. Shikamoo, mama."

"Marahaba," mama alijibu, akaingia ndani akafunga mlango. Dirisha la jikoni aliliacha wazi.

Mkaguzi alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi. Hakuwa na rula. Alipoliona tumba juu ya shina, uso ulimng'aa mara moja, halafu ukazima.

"Lipo," alisema taratibu.

"Lipo."

"Nimekuja mapema, ndiyo maana."

Fundi hakuuliza amemaanisha nini. Mtu mwenye kosa hana haraka ya kufafanuliwa.

"Fundi, leo sikuja kupima. Nimekuja kuaga. Jumatatu nakwenda kituo cha milimani, ni mwendo wa siku nzima. Miaka miwili. Hapa atakuja mama mmoja, mzoefu sana, ameshawahi kulea mimea migumu kuliko huu."

Ndani ya jikoni kijiko kiliacha kukoroga.

"Nani kakuhamisha?" Fundi aliuliza.

"Hakuna. Niliomba."

"Uliomba mwenyewe?"

"Mwenyewe. Kwa maandishi."

Kuna maumivu yanayokuja na kelele, na kuna yale yanayokuja kama maji baridi ndani ya kiatu. Fundi alitikisa kichwa kana kwamba ameambiwa bei ya kitu asichokusudia kununua. "Basi safari njema," alisema. "Huko milimani kuna baridi. Usisahau sweta."

"Hutaki kujua kwa nini?"

"Ni mambo ya kazi yenu. Mimi ni mlezi tu."

Mkaguzi alitoa bahasha ndogo katikati ya daftari lake, akaimimina kiganjani. Vilianguka vipande vitano vya shina, vifupi kama njiti ya kiberiti iliyokatwa katikati. Kila kipande, upande uliokatwa, kilikuwa na alama nyembamba ya rangi ya waridi.

"Unajua hii ni nini?"

Fundi alijua. Ilikuwa nta. Nta ya fizi, ile anayoichonga kila siku, ambayo haitoki kwenye kisu hata ukikifuta namna gani.

"Nimekagua mimea miaka minane," alisema Mkaguzi. "Namjua panzi. Panzi anatafuna, hachongi mshazari. Na sijawahi kukutana na panzi anayetengeneza fizi."

"Uliandika nini kwenye ripoti?"

"Panzi. Mara tano." Alivirudisha vile vipande kwenye bahasha kwa uangalifu. "Sikutaka uandikiwe vibaya. Kwanza nilidhani labda ni mama. Lakini mama angeukata mti mzima."

"Kweli kabisa!" ilisema sauti ya dirishani.

"Ni wewe, Fundi. Na kila mara ni asubuhi ileile ninayokuja. Nikifika utomvu haujakauka. Mara ya kwanza nilijidanganya. Mara ya pili nikaanza kuelewa. Mtu muungwana hamfukuzi mgeni, anamwonyesha tu kwamba alichokijia hakipo. Mimi naelewa nikiambiwa kwa heshima. Ndiyo maana nikaomba uhamisho, nikuondolee usumbufu."

Fundi akaanza kucheka, kicheko kibaya, kile kinachotoka na machozi yakiwa yameshika mkia wake.

"Nikufukuze?" alisema. "Mimi? Wewe ulisema ukichanua unaondoka! Ulisema faili linafungwa, inakuja barua! Nilikata ili urudi. Kila nikikata nilikuwa nanunua Jumamosi moja. Sina akili, najua. Nimeuchinja mmea wa watu mara tano ili nikuone umechuchumaa hapo unauomba samahani. Haya, umeshajua. Sasa nenda milimani kwako na aibu yangu, ukaipime na rula."

Mkaguzi alitafuta pa kukaa, akapata ndoo iliyofunikwa kifudifudi, akakalia. Alikuwa anatazama plasta iliyotapakaa chini, taya za watu wengi zikiwa wazi, kana kwamba nazo zimeshangaa.

"Unajua mimi nilisaini nini nilipoajiriwa?" aliuliza mwishowe.

"Nitajuaje?"

"Kulikuwa na mkaguzi kabla yangu, alikuwa anaandika mimea iliyokufa kwamba iko hai, kwa sababu walezi walimpikia vizuri. Kwa hiyo sisi tuliofuata tulisainishwa. Mkaguzi hatakula wala kunywa kwa mlezi. Hatapokea zawadi. Hatakuwa na jambo lolote na mlezi, wala kumtamkia lolote, nje ya kazi, hadi faili lifungwe." Aliinua macho. "Hadi faili lifungwe, Fundi. Mwaka na nusu naomba ua hili lichanue. Nilikuwa nalala naliona limechanua. Na wewe kila Jumamosi unalikata."

Dirisha lilifunguka lote. Kichwa cha mama kikatokea.

"Ngoja kwanza. Yaani chai yangu ulikuwa unaikataa kwa sababu ya karatasi?"

"Ndiyo, mama."

"Na maji nayo?"

"Na maji, mama. Siku ya lile joto kali nilikwenda kunywa kwenye bomba la msikiti wa mtaa wa pili nikarudi."

"Masikini wee!" Mama alishika shavu. "Na mimi nilikuwa naweka iliki!"

"Nilikuwa naisikia harufu yake, mama. Nilikuwa naondoka hapa natembea nayo."

Mama alinyamaza, na kunyamaza kwake kulikuwa jambo la kuandikwa kwenye kalenda.

"Uhamisho haufutiki?" Fundi aliuliza.

"Barua imeshatiwa saini. Nyumba yangu ameshapewa mwingine."

"Na faili?"

Mkaguzi aliinuka, akausogelea mmea. "Samahani kidogo," alisema, akainua majani ya chini kwa ncha ya kalamu. Yalikuwa ya njano hadi kwenye mshipa. "Umechoka. Kila tumba lililokatwa umelitolea jingine kutoka kwenye akiba yake, na akiba imekwisha. Hili ndilo la mwisho. Likifunguka, siku saba za ua, wiki tatu za mbegu. Yule mama atazikusanya, atafunga faili. Mwezi mmoja."

"Na hadi hapo hutasema kitu."

"Hadi hapo siwezi."

"Kwani mmea ukifa leo?" mama aliuliza kutoka dirishani. "Si faili linafungwa leo? Ung'oeni basi yaishe, mnasumbuana nini!"

Mama alisema hivyo kama mtu anayesema zimeni taa. Lakini hakuna aliyecheka. Mkaguzi alimtazama Fundi, na Fundi akaona kwamba jambo hilo alikuwa ameshalifikiria, pengine tangu alipokuwa njiani.

"Ni kweli?" alimuuliza kwa sauti ndogo.

"Ni kweli. Ukifa, naandika umekufa, nafunga hapahapa. Na Jumatatu ninakwenda nikiwa nimeshakwambia nililonalo."

Mkono wa Fundi uliingia kwenye mfuko wa aproni. Kisu kilikuwa kimepata joto la mwili wake. Mwezi mzima, au sasa hivi. Alihitaji kukata mara moja tu, na safari hii angekata mbele ya macho ya Mkaguzi, na Mkaguzi, hilo ndilo lililomtia Fundi baridi, asingemzuia. Alisimama pale mikono imemning'inia, amemwachia yeye kila kitu.

"Mimea mingine kama huu imebaki mingapi?" Fundi aliuliza.

"Tulianza na kumi na tisa. Imebaki minne."

"Pamoja na huu?"

"Pamoja na huu."

Fundi alitoa kisu, akakitazama, akanyoosha mkono na kukiweka kwenye ukingo wa dirisha, mbele ya pua ya mama yake. "Kakifungie hicho, mama. Funguo kaa nazo wewe."

"Fundi..." alisema Mkaguzi.

"Hapana. Ukiniambia leo juu ya kaburi lake, kila utakaponiona utakuwa unaliona kaburi. Nakujua. Wewe huwezi kusahau hata urefu wa jani."

Hapakuwa na kingine cha kufanya. Mkaguzi alichukua daftari. Akauaga mbigili kwa kichwa, akamuaga mama, na mama, ambaye hajawahi kumsindikiza, alimwombea safari njema kwa maneno mengi kuliko yanayohitajika kwa mtu anayeitwa Bwana Magugu.

Fundi alimsindikiza. Walipita kwenye kijia cha pembeni ya nyumba, kwenye kamba ya nguo, hadi langoni, na hapo ambapo mlezi husimama na mkaguzi huondoka, Fundi aliendelea kutembea. Walifika kwenye kona ya barabara, mbele ya kinyozi aliyekuwa akifagia nywele za jana. Wakasimama. Mwezi mmoja na miaka miwili vilikuwa vimesimama nao.

"Rudi sasa," Mkaguzi alisema. "Ukiendelea kunitazama hivyo nitavunja karatasi yangu."

"Usiivunje. Kaa kimya, tena kaa kimya vizuri." Fundi alivuta pumzi. Kinyozi aliacha kufagia. "Wewe umesaini kunyamaza. Mimi nilisaini kulea mmea. Hakuna mahali niliposaini kunyamaza."

"Fundi, tafadhali..."

"Nakupenda. Nimekupenda tangu ukiwa unapima jani mara mbili. Sijui kukupenda kwa akili, umeshaona nilivyofanya, lakini ndivyo ninavyokupenda. Milimani nitakuja, au utakuja, au tutakutana katikati kwenye stendi tukae kwenye benchi, sijali. Mwenye vipuri kesho akija nitamwambia mwenyewe. Hujibu. Najua. Usijibu."

Hakujibu. Aliuma meno hadi mshipa ukasimama shingoni, macho yakamjaa, akatazama juu kama mtu anayetafuta kitu kwenye nyaya za umeme. Halafu akanyoosha mkono, kwa sababu karatasi haikusema lolote kuhusu kupeana mikono, na Fundi akaupokea. Mikwaruzo ya miiba ilikuwa migumu kwenye kiganja chake. Waliagana kwa mkono, kama watu wa kazi wanavyoagana. Ila watu wa kazi huachiana. Kinyozi alimaliza kufagia upande mmoja, akahamia wa pili, akamaliza nao, akaingia ndani kwa heshima.

Mkaguzi ndiye aliyeachia kwanza. Alitembea hadi mwisho wa barabara bila kugeuka, mgongo umenyooka kama mtu aliyebeba kitu kilichojaa hadi ukingoni, anayeogopa kumwaga.

Fundi aliporudi, mama yake alikuwa langoni, kanga begani, amechoka kusubiri.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Amejibu nini?"

"Hajajibu kitu."

"Hata neno moja?"

"Hata moja, mama."

Mama alimtazama juu hadi chini, visigino vyenye mafuta, aproni yenye plasta, machozi mashavuni.

"Sasa unachekelea nini?"